Mlio ughaibuni: watoto wakienda kwa bibi likizo ya Juni, wanaenda kama wajukuu au kama watalii?

Kigoda cha Bibi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Msimu wa tiketi umeingia. Kwenye makundi ya familia mjadala ni uleule: nani anakwenda, watoto watalala wapi, nani kaahidiwa simu. Nimeona niseme langu mapema kabla watu hawajafunga mabegi.

Tunaishi Göteborg, Uswidi. Mimi kwetu Marangu, mume wangu kwao Mwika, kwa hiyo kwenda nyumbani ni barabara moja tu: Himo, Marangu Mtoni, ukinyoosha mbele umefika ukweni. Wachagga wengi tunajulikana kwa kupanda nyumbani Desemba. Desemba ina raha yake, sikatai, ila kwa mtoto ni mwezi wa kuvaa nguo za kutokea kila siku. Leo ubarikio, kesho harusi, keshokutwa ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) kwa mzee fulani, na mtoto wako kakaa kwenye kiti cha plastiki akisubiri hotuba ziishe. Binamu zake wapo wengi kweli, lakini na wao wamevaa viatu vya kubana. Hakuna anayecheza na mtu.

Sisi tumehamia Juni. Shule za Uswidi hufungwa katikati ya Juni, za Tanzania hufungwa mwanzoni mwa Juni na kufunguliwa mwanzoni mwa Julai, karibu na Saba Saba. Ratiba ya wizara hucheza kidogo kila mwaka, kwa hiyo angalia kwanza kabla hujakata tiketi. Hapo katikati unapata takriban wiki tatu ambazo watoto wa pande zote mbili wako huru. Ukikosea ukafika Julai imekolea, watoto wako watabaki na bibi na kuku, wenzao wanatoka asubuhi na mapema na kurudi jioni wamechoka.

Jambo la pili ni baridi. Huku tunakotoka Juni ndiyo kiangazi, saa nne usiku bado kuna mwanga, watoto wanashuka uwanja wa ndege wa KIA na kaptula wakijua wanaingia Afrika. Wanafika Marangu wanakuta ukungu umelala kwenye migomba na bibi kajifunga vitenge viwili juu ya sweta. Nguo nzito muhimu jamani. Na soksi za kulalia.

Sasa nije kwenye hoja yenyewe.

Kinachowatenga watoto wetu na binamu zao ni chai, kuliko hata lugha. Asubuhi ya kwanza bibi anaandaa mezani mkate, mayai, siagi na maziwa kwa ajili ya "wageni". Binamu wapo jikoni nyuma wanakunywa uji. Hakuna aliyepanga ubaya, ni heshima ya kawaida ya kwetu, mgeni anakirimiwa. Lakini mtoto wa miaka tisa haoni heshima, anaona meza mbili. Mchana anapewa paja la kuku, mwenzake kapewa shingo. Jioni anaogeshwa maji ya moto, mwenzake ndiye aliyeyabeba. Baada ya siku chache wa kwako keshajua yeye ni nani pale nyumbani, na wa kule keshajua pia. Hapo hata ukiwapeleka pikiniki watakaa mafungu mawili.

Kwa hiyo mimi nikifika, kabla sijafungua begi, naongea na mama jikoni. Namwomba wote wanywe uji au wote wale mkate. Ananuna kidogo, anasema nataka watu waseme kwamba kashindwa kulisha wajukuu. Tunaelewana kwamba Jumapili awakirimu apendavyo, mtori wa nguvu, lakini sufuria ni moja.

Halafu kazi. Mtoto apewe kazi ileile anayopewa mwenzake wa rika lake. Ng'ombe wa kwetu anafugwa zizini, hatoki, kwa hiyo majani lazima yafuatwe. Mwanangu mkubwa alifungiwa mzigo mdogo wa majani na mtoto wa mjomba wake. Yule kijana akachukua jani kavu la mgomba, akalisokota mara mbili, akalikunja mviringo, akamwekea kichwani kama ngata, akampandishia mzigo. Akamwambia asishike kwa mikono miwili, ashike kwa mmoja na atazame mbele, asitazame miguu. Mtoto akatembea hatua chache mzigo ukaanguka. Akapandishiwa tena. Wakashuka vile hadi zizini, huku nyuma wadogo wanacheka hadi wanakaa chini. Usiku ule ndipo nilipowasikia kwa mara ya kwanza wanabishana. Msidharau kubishana, watoto hawabishani na mgeni.

Mwishoni mwa Juni kahawa za kwanza zinaanza kuiva, si nyingi, mti huu punje tano, ule kumi. Kwa mtoto hiyo inatosha. Unashika punje nyekundu kwa vidole viwili, unaizungusha, inaachia yenyewe. Ukiivuta inatoka na kikonyo na bibi anakuona hata akiwa amekupa mgongo. Za kijani ziachwe. Wanafyonza ule utelezi mtamu wa ganda, wanarushiana maganda, ndoo inajaa polepole sana. Kisha zamu ya kuzungusha mkono wa mashine ya kumenyea, kila mtu anautaka. Zikiloweshwa, zinazoelea zinaondolewa, nzuri zinachachushwa, zinaoshwa, zinaanikwa kwenye kichanja. Ukungu ukishuka mtu anapiga kelele "nailoni!" na wote wanakimbia kufunika. Kwa babu yangu ile kahawa ndiyo iliyolipa ada. Chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933 na wakulima wa mlima huuhuu, na habari hizi mtoto anazisikiliza vizuri zaidi akiwa na utomvu mkononi.

Baada ya kazi ni kucheza, na hapo msiwasimamie. Kwetu kuna mteremko nyuma ya nyumba: mnakalia gamba la mgomba, mnaserereka hadi kwenye mfereji. Kuna rede, kombolela, goroli, chandimu ya mpira wa nailoni na kamba. Kuna mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, unaopita mpakani mwa kihamba (shamba la ukoo), wanajenga bwawa la udongo, na mzee wa chini ambaye ni zamu yake ya maji anapanda akifoka na fimbo. Wanatawanyika. Hicho kisa watakihadithia hadi uzeeni.

Mwisho, mlima wenyewe, Kilimanjaro. Kila anayetoka nje anataka kupeleka watoto geti la hifadhi pale Marangu, mtembee msituni hadi Mandara, kituo cha kwanza cha wapanda mlima, na kurudi siku hiyohiyo. Ni matembezi mazuri sana, msitu mnene, mbega wenye mikia myeupe wanakutazama toka juu, na Mandara iko kama mita 2,700, watoto wenye miguu wanafika. Lakini jueni bei. Wenye pasi ya nje wanalipa bei ya wageni, kubwa, raia wa Afrika Mashariki wanalipa kwa shilingi, tena kidogo. Kwa hiyo kuwachukua binamu wote ni nyongeza ndogo sana juu ya kile unacholipia wako. Nilishaona familia moja pale getini, baba kaja na wanawe wawili na kijana wa kaka yake wa kuwabebea mabegi. Kijana akaachwa nje na dereva. Amezaliwa kilomita chache kutoka pale na hajawahi kuingia. Kama huwezi kuwalipia wote, msiende, nendeni maporomoko ya Kinukamori, bei ya kijiji.

Nawasilisha. Wenye uzoefu mwingine karibuni.

---

Mzee wa Mtori

Uzi tayari ngoja nikae. Ila mleta uzi, kwenye shingo ya kuku umenigusa. Nimekula shingo miaka yote ya utoto kwa sababu ya watu kama nyie.

---

Shangazi Mwenyeji

Dada, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi. Umeongea vizuri ila umeongea kama anayekuja. Acha na sisi tunaopokea tuseme.

Mimi niko Rombo, ndiye ninayebaki na wazee, kwa hiyo kila anayetoka nje anafikia mikononi mwangu. Unasema wapewe kazi sawa na wenzao. Sawa. Mtoto akijikata na mundu anaulizwa nani? Mwaka jana nilikuwa na wifi yangu kutoka nje, kaniachia watoto, yeye kaenda Zanzibar na rafiki zake. Mdogo wao akawa anashinda peku na wanangu kwenye zizi la mbuzi. Siku ya siku akaanza kuchechemea. Nikatazama, kidole gumba cha mguu, pembeni ya ukucha, kidoa cheupe chenye nukta nyeusi katikati. Funza. Kwangu hiyo si habari, nilichukua pini, nikaichoma motoni, nikamkalisha mlangoni penye mwanga, mwanangu akamshika mkono akimwambia anahesabu hadi kumi imeisha. Nikamtoa mzima mzima na kifuko chake, nikampaka dawa. Mtoto hata hakulia, alitaka kumwona. Kosa langu ni kwamba dada yake alikuwa anarekodi, video ikafika Zanzibar kabla sijanawa mikono. Niliyoambiwa siku ile nimeyaweka moyoni.

Kwa hiyo wazazi, mkitaka mtoto awe mjukuu, na nyie muwe ndugu. Viatu vya kufunika vidole vya kuchezea huko nje, mlete. Bima ya afya ya mtoto, mlete. Na dawa ya kinga ya malaria muulize daktari wenu mapema, kwa sababu huku juu ni nadra kuliko chini, lakini mtashuka Moshi, mtashuka Himo, na mtoto aliyezaliwa Ulaya hana kinga yoyote. Homa ikimpanda apimwe siku hiyohiyo, msiniambie ni uchovu wa safari.

Na hela ya chakula. Watu wazima wanafika na mabegi ya chokoleti, watoto saba wanakula wiki tatu, na hakuna anayeuliza gesi imenunuliwa na nani. Usimpe babu mbele ya watu, hiyo ni heshima na itaisha kwenye pombe ya mbege. Mpe anayepika, jikoni, siku ya kwanza, kimyakimya.

Zawadi: msimletee mtoto mmoja simu. Leteni mpira wa kweli mmoja na pampu yake. Ulioletwa kwangu na kaka yangu umeshachezewa na kitongoji kizima.

---

Kigoda cha Bibi

Shangazi, shikamoo. Hilo la kumpa anayepika nakuunga mkono kwa mikono miwili. Kuhusu mundu, wangu wanabeba tu, kukata ni wale waliozoea. Pole kwa wifi.

---

Bin Makunduchi

Assalaam alaykum. Nyie wa mlimani mnalia baridi, sisi wa Maskati tunaikimbilia hiyohiyo.

Wengi wetu tuna babu na bibi Unguja na Pemba. Skuli za huku zikifungwa, jua la Oman linapita nyuzi 40, watoto wanashinda ndani na kiyoyozi kama kuku wa mayai. Julai Unguja ni kipupwe, kusi inavuma, usiku unajifunika shuka. Tunakwenda Makunduchi kwa mama mkubwa, na nawaambia ukweli, meza mbili za chai hata kwetu zipo, ila bahari inazivunja. Maji yakitoka bamvua yanakimbia mbali, watoto wote wanashuka ufukweni na bibi kuokota kombe na kutafuta pweza mawe kwa mawe, na huko hakuna mgeni. Anayejua ndiye mkubwa. Mwanangu wa miaka kumi na mbili anaongozwa na mtoto wa ami yake wa miaka minane, anaambiwa hapa kanyaga, hapa usikanyage, na anatii. Nyumbani Maskati hamtii hata mama yake.

Mkipata wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, mwezi huohuo wa Julai pale Makunduchi, mpelekeni kijana. Wanaume wanapigana kwa migomba, kibanda cha makuti kinatiwa moto, wanawake wanaimba huku wamevaa vizuri, baadaye kila nyumba ina chakula na mgeni hakosi sahani. Wangu alipigwa mgomba wa mgongo na binamu yake na mpaka leo anadai lake.

Viatu vya plastiki vya kuingilia baharini ni lazima, chini kuna miiba na mawe makali. Na msiwaache waingie ngarawa siku ya upepo bila mtu mzima anayejua maji, hata wawe wamesoma kuogelea bwawani.

---

Nyundo Butu

Niwe wakili wa shetani kidogo.

Mtoto wa Göteborg kubeba majani siku kadhaa, bibi anacheka, mama anafurahi, hiyo nayo ni utalii wakuu. Binamu yake anabeba mwaka mzima, mvua na jua, kabla na baada ya shule, na hakuna anayemwandikia uzi. Mkiondoka yeye anarudi kwenye mundu. Sioni usawa hapo, naona maonyesho. Bora hata yule anayekwenda Mandara, anajua ni mtalii na analipa.

---

Kigoda cha Bibi

Nyundo, umepiga penyewe lakini pembeni kidogo. Sijasema kazi inaleta usawa. Huyu ana pasi ya Uswidi, yule hana, na mzigo wa majani haubadilishi hilo. Nilichosema ni kwamba wanapata cha kuongea. Mwanangu sasa hivi akipiga simu anauliza yule ng'ombe kazaa au bado, na mtoto wa kaka yangu anamuuliza theluji imefika wapi na kumcheka kwamba kichwa chake ni laini. Kabla ya hapo simu ilikuwa "hujambo", "sijambo", "haya mpe mama".

Picha kwetu hatupigi wakati wa kazi. Hapo nipo na wewe.

---

Aliyebaki

Huwa nasoma tu nyuzi za humu, leo naandika kwa sababu hakuna aliyeniuliza mimi. Mimi ndiye binamu.

Baba mdogo alikuwa Uingereza, wanawe wanne walikuwa wanakuja kila baada ya miaka miwili mitatu. Tulikuwa tunapigwa maji mapema siku hiyo, tunapakwa mafuta, tunapangwa barazani. Gari linafika tunasema shimbonyi, salamu ya Kichagga, kwa wakubwa na kukaa kimya kwa wadogo. Hawakujua Kiswahili. Sisi Kiingereza chetu kilikuwa cha kitabu cha darasa la nne. Rede haihitaji sarufi lakini, mpira ukikupiga umetoka, kila mtu anaelewa. Dada yao wa pili alikuwa na shabaha mbaya sana na hakukubali kutoka, anagoma katikati ya uwanja na mikono kiunoni. Tukaanza kumpenda hapo.

Kilichoniumiza si mkate wala paja la kuku. Ni kuulizwa mbele ya watu "unataka tukutumie nini?" Mtoto wa miaka kumi utajibu nini? Ukisema kiatu umeomba, ukisema sitaki umeringa. Nilikuwa nasema "chochote", na chochote ndicho hakiji. Wazazi, kama mna cha kumpa mtoto mpeni, kama hamna msimuulize.

Na jingine: walikuwa wanaambiwa na baba yao watufundishe Kiingereza. Kila jioni. Hakuna siku tuliyoambiwa sisi tuwafundishe kitu, ingawa tulishawafundisha manati, kuendesha kigari cha miti, kujua parachichi limeiva bila kulibonyeza, na kumpita mbwa wa jirani. Yule wa kugoma rede bado tunaongea. Wengine watatu nina namba zao tu.

---

Shangazi Mwenyeji

Aliyebaki, umenifanya niite wanangu niwaulize. Majibu yao sitayaleta humu.

---

Taita Juu

Kenya hapa. Sisi shule zinafunga Aprili, Agosti na Desemba, kwa hiyo wa Juni hawatupati, wanaotoka Ulaya tunawaambia waje Agosti. Wangu wa Mombasa nawapeleka Wundanyi kwa kina nyanya yao, huko milimani baridi ni kama yenu tu, na kazi ya kwanza wanayopewa ni kuchota maji mtoni na kitoroli. Swali kwa mleta uzi: wa pasi za nje viza na chanjo mnafanyaje?

---

Kigoda cha Bibi

Mkuu wa Taita, viza ya kawaida ya kuingia mara moja ni dola 50 kwa pasi nyingi za Ulaya, wenye pasi za Marekani ni dola 100, na unaomba mtandaoni kabla hujasafiri. Kila mtoto na yake, hata anayenyonya. Raia pacha kwa mtu mzima Tanzania hairuhusu, kwa hiyo hata mimi mama yao naingia kama wao. Homa ya manjano wanadai cheti ukitoka nchi yenye ugonjwa huo au ukipitia huko na kukaa uwanjani zaidi ya saa 12, na ndege nyingi za bei nafuu hupitia Addis Ababa au Nairobi. Angalia urefu wa kusubiri kwenye tiketi.

---

Mzee wa Mtori

Ukifika Himo na watoto watano na mabegi, unapandaje juu? Unakodi Noah nzima, ile gari ya abiria, au mnagawana na abiria wengine?

---

Kigoda cha Bibi

Noah nzima, na anayepatana bei awe mtoto wa kaka yangu, mimi nakaa ndani kimya na miwani. Nikifungua mdomo tu inapanda.

---

Mzee wa Mtori

Hahaha, na huyo mpe paja.